BAJETI SI SADAKA YA MHESHIMIWA

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Ndugu zangu katika imani, darsa ya leo ni ndefu kidogo. Kama una haraka, iweke uisome baada ya Isha ukiwa umetulia. Lakini isome mpaka mwisho, kwa sababu inahusu mali yako, na siku ya Kiyama tutaulizwa kuhusu mali.

Kila mwaka ukifika mwezi wa Juni, Waziri wa Fedha wa Kenya hutoka na mkoba wake, wapiga picha wakamkimbilia, nasi tukakaa mbele ya runinga kama watu wanaongoja matokeo ya mechi. Swali letu ni moja tu: nini kimepanda? Unga? Mafuta? Mkate? Tukishajua, twalalamika siku mbili, kisha twasahau mpaka Juni nyingine.

Halafu inapita miezi, anakuja mheshimiwa msikitini siku ya Ijumaa. Anasimama baada ya swala na kusema "ameleta" kisima, "ametoa" basari, "amewapa" madarasa mawili. Imamu anamwombea dua. Jamaa wanaitikia kwa takbir mpaka paa linatikisika.

Nami nasema bila kuficha: takbir ile haikuwa mahali pake. Kisima kile hakutoa yeye. Kilikuwa kimeandikwa katika bajeti, kwa fedha zilizotokana na kodi ya mafuta yako na salio la simu yako. Mtu aliyekuletea haki yako baada ya kuichelewesha, wewe ukampigia takbir kama aliyetoa sadaka, amekudhulumu mara mbili: kwanza kwa kukuchelewesha, pili kwa kukufanya umshukuru.

1. MIMBARI YA MTUME NA MIMBARI ZETU

Wengi wenu mnakijua kisa cha Ibn al-Lutbiyya, kilichopokewa na Bukhari na Muslim. Mtume (S.A.W.) alimtuma mtu huyu kwenda kukusanya zaka. Aliporudi akaigawa mali mafungu mawili: hili akasema ni lenu, na hili nimepewa mimi zawadi. Mtume (S.A.W.) alifanya nini? Hakumwita chemba wakazungumza kwa siri. Alipanda mimbari, akamhimidi Allah, akauliza mbele ya watu: kwa nini mtu huyu hakukaa nyumbani kwa baba yake au mama yake, tukaona kama zawadi zingemjia? Kisha akaonya kwamba anayechukua chochote katika mali ile atakuja amekibeba shingoni siku ya Kiyama.

Tazameni jambo hili vizuri. Mtume (S.A.W.) aliitumia mimbari kuhesabia mali ya umma. Sisi mahali palepale twapatumia kumpamba aliyeishika mali ya umma. Ibn al-Lutbiyya alichukua mali ya watu akasema ni yangu nimepewa. Mheshimiwa wa leo achukua mali ya watu na kusema ni yangu nawapa. Tofauti iko wapi?

Najua yuko ndugu atakayesema: "Sheikh, hayo ni mambo ya dunia na siasa. Tufundishe twahara na swala." Swala ndiyo nguzo na hatutaacha kuifundisha. Lakini nenda ukaisome Surat Yusuf. Nabii Yusuf (A.S.) aliifasiri ndoto ya mfalme: miaka saba ya neema, kisha miaka saba ya ukame. Hakuishia kwenye tafsiri. Aliwaambia walime, wavune, waache nafaka katika masuke yake ila kidogo ya kula, wajiwekee akiba. Hayo ni mapato, matumizi na akiba kwa muda wa miaka 14. Kisha akaomba mwenyewe asimamie hazina za nchi, na akazitaja sifa zake mbili: ni mwenye kuhifadhi na ni mwenye ujuzi. Uaminifu bila ujuzi hautoshi, na ujuzi bila uaminifu ni balaa.

Ukiingia Surat al-Baqara utaikuta aya ya 282, ndefu kuliko aya zote za Qur'ani, na inazungumzia kuandika deni na kushuhudisha. Ukiingia Surat at-Tawba aya ya 60 utakuta Allah (S.W.T.) mwenyewe ameyataja mafungu manane ya wanaopewa zaka. Hakumwachia hata mtawala ayatie na kuyatoa mafungu kwa matakwa yake. Na Umar ibn al-Khattab (R.A.), mali zilipoanza kumiminika Madina kutoka nchi zilizofunguliwa, aliweka madaftari yaliyoitwa diwani, wanahistoria wengi wakisema ni karibu na mwaka wa 20 Hijria, majina ya watu yakaandikwa na fungu la kila mmoja likajulikana.

Basi dini ambayo Nabii wake aliomba kusimamia hazina, na aya yake ndefu kuliko zote inahusu uandishi wa deni, utaiambiaje kwamba bajeti haiihusu?

2. BAJETI NI NINI HASA

Tuelewane kwanza. Bajeti ina pande tatu. Upande wa kwanza ni mapato: serikali itakusanya nini na kutoka kwa nani. Upande wa pili ni matumizi: fedha hizo zitakwenda wapi. Upande wa tatu ni pengo: yale matumizi yanapozidi mapato, serikali itakopa kwa nani.

Kenya mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai na kumalizika tarehe 30 Juni. Upande wa mapato hubadilishwa kwa Mswada wa Fedha. Upande wa matumizi hupitishwa kwa mswada mwingine kabisa, unaoidhinisha fedha za kila wizara na kila idara. Watu wengi hawajui kwamba ni miswada miwili.

Mnakumbuka Juni 2024. Vijana wa nchi hii waliusoma Mswada wa Fedha ukurasa kwa ukurasa, wakautafsiri kwa lugha za mama zao, wakaingia barabarani. Tarehe 25 Juni waliingia mpaka Bungeni, na roho za watu zikapotea. Allah awahurumie waliokufa na awape subira wazazi wao. Siku ya pili yake Rais akatangaza hatauweka sahihi. Lilikuwa jambo kubwa.

Lakini niulize: ni wangapi waliendelea kufuatilia baada ya hapo? Mapato yaliyotarajiwa yakiondoka, ni lazima matumizi yakatwe. Nani aliamua kikatwe nini? Mgao wa kaunti zote 47, uliokuwa umepangwa kuwa shilingi bilioni 400.1, ulishushwa ukatua bilioni 387.4. Fedha hizo ndizo hulipa wauguzi wa zahanati yako na dawa zake. Katika mabishano hayo barabara zilikuwa kimya. Tulijua kupigana na mkono unaochukua, tukausahau mkono unaogawa.

3. ILIVYOKUWA, NA ILIVYOBADILIKA

Ili ujue thamani ya mlango uliofunguliwa, ujue ulifungwa kwa muda gani.

Neno lenyewe bajeti limetoka katika neno la Kifaransa cha zamani lenye maana ya mfuko mdogo wa ngozi. Waziri wa Uingereza aliweka karatasi zake ndani ya mfuko, na siku ya kuufungua ndipo watu walijua mna nini. Wakoloni walituletea mfuko huo ukiwa umefungwa. Kodi ya nyumba ilianza kutozwa hapa mwaka 1901, ikafuatwa na kodi ya kichwa mwaka 1910. Baraza la kutunga sheria lililoipitisha bajeti ya koloni lilianzishwa mwaka 1907. Mwafrika wa kwanza kuketi ndani yake, Eliud Mathu, aliingia mwaka 1944. Hesabu mwenyewe: miaka zaidi ya 40 babu zetu walilipa, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwamo chumbani fedha zao zilipokuwa zikigawanywa.

Uhuru ukaja mwaka 1963 na katiba ya majimbo, Pwani ikiwa jimbo mojawapo. Haikudumu. Kufikia mwisho wa mwaka 1964 nchi ilipokuwa jamhuri, nguvu zilikuwa zimerudi Nairobi, na fedha pamoja nazo.

Kisha mwaka 1965 serikali ikatoa waraka ambao kila Muislamu wa Pwani na wa Kaskazini apaswa kuujua: Waraka wa Bunge Nambari 10. Ulisema, kwa maana yake, kwamba fedha za maendeleo ziwekwe pale zitakapozaa haraka zaidi: penye ardhi nzuri na mvua, penye barabara na umeme, penye watu walio tayari kupokea maendeleo. Sehemu nyingine zingefaidika baadaye kwa matunda yatakayopatikana huko. Angalia hesabu hiyo. Aliye na barabara aongezewe barabara, kwa sababu anayo. Asiye na barabara angoje, kwa sababu hana. Garissa, Wajir, Mandera, Tana River, Lamu na Kwale zikawekwa kwenye foleni ya kungoja. Haikuwa laana wala uvivu wa watu wetu kama tulivyotukanwa. Ilikuwa ni mgao ulioandikwa kwa kalamu.

Miaka ikaenda hivyo. Mfuko wa Waziri ukabaki siri mpaka Juni. Bunge lilipata makadirio dakika za mwisho na halikuwa na nguvu ya kweli ya kuyabadilisha. Mwaka 2003 ikaja ile hazina ya maeneo bunge tunayoiita CDF, ikitengewa asilimia 2.5 ya mapato ya kawaida ya serikali. Ilileta madarasa na zahanati mahali ambapo hapakuwa na kitu, hilo hatulikanushi. Lakini ilitufundisha tabia mbaya: tukaanza kumwona mbunge kuwa ndiye hazina. Mtu ambaye kazi yake ni kutunga sheria na kuikagua serikali, akawa mgawaji. Ndio maana mwaka 2022 Mahakama ya Juu ilisema sheria ya CDF ya mwaka 2013 ilikwenda kinyume cha Katiba.

Ndipo ikaja Katiba ya mwaka 2010, na sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya mwaka 2012. Mfuko ukafunguliwa. Kifungu cha 201 kinasema lazima kuwe na uwazi, uwajibikaji na ushirikishaji wa umma katika mambo ya fedha. Kaunti zikapewa haki ya kupata si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa, yaani shilingi 150 katika kila shilingi 1,000 za hesabu za mwisho zilizokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge. Mwaka wa kwanza wa ugatuzi, 2013/14, kaunti ziligawiwa shilingi bilioni 190. Kufikia 2021/22 zilikuwa bilioni 370.

Je, mabilioni hayo yalipowasili kaunti za Waislamu, sisi tulikuwa wapi? Tulikuwa tukingoja mheshimiwa aje Ijumaa.

4. MILANGO INA TAREHE

Sikilizeni ndugu zangu. Anayekwambia bajeti hutengenezwa mwezi wa Juni amekudanganya. Juni ni siku ya kusomwa. Kupikwa kulianza zamani.

Kwa kaunti yako, kabla ya tarehe 1 Septemba mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata lazima uwe umefikishwa katika bunge la kaunti. Hapo ndipo barabara ya mtaa wako inaingia au inaachwa. Kufikia tarehe 28 Februari unatoka waraka wa mkakati wa fedha, unaoonyesha kila sekta itapata kiasi gani: afya kiasi hiki, maji kiasi hiki. Ukishapita, sekta iliyopata kidogo imekwisha pata kidogo. Kufikia tarehe 30 Aprili makadirio yenyewe yanafikishwa bungeni, na kufikia 30 Juni yawe yamepitishwa.

Kwa hiyo ukija Juni umekuja wakati sahani zinaoshwa.

Na kuna jambo ambalo kila ninapolizungumza naona watu wanashangaa. Sheria ile ya mwaka 2012 inaamuru kila kaunti iwe na Jukwaa la Bajeti na Uchumi, mwenyekiti wake gavana. Na imetaja ni nani wawemo mbali na maafisa wa serikali: wataalamu, wafanyabiashara, wafanyakazi, wanawake, watu wenye ulemavu, wazee, na makundi ya dini. Nimesema makundi ya dini! Sheria ya nchi imetuwekea kiti mezani. Muulize imamu wako, iulize kamati ya msikiti wako: katika kaunti yetu kiti hicho amekalia nani? Alichaguliwa na nani? Amewahi kuturudishia habari? Nachelea katika miji mingi jawabu litakuwa kimya.

5. SAA INAYOHESABU

Nawapa mfano mmoja ili mjue hasara ya kimya.

Kifungu cha 204 cha Katiba kimeanzisha Hazina ya Usawazishaji. Kila mwaka nusu ya asilimia moja ya mapato ya taifa, yaani shilingi 5 katika kila shilingi 1,000, itengwe kwa ajili ya maji, barabara, zahanati na umeme katika sehemu zilizotengwa, mpaka zifikie hali ya sehemu nyingine za nchi. Hili ndilo jibu la Katiba kwa dhulma ya waraka ule wa 1965. Orodha ya kwanza ilikuwa na kaunti 14, na humo zimo Kwale, Kilifi, Lamu, Tana River, Taita Taveta, Garissa, Wajir, Mandera na Isiolo.

Yakatokea nini? Kiasi kilichoingizwa katika hazina hiyo miaka yote hii ni kidogo kuliko kilichostahili. Mara kanuni zake zikabishaniwa mahakamani, mara zikaandikwa upya. Kisha sera ya pili ikaacha kutaja kaunti nzima ikaanza kuhesabu vijisehemu, na kaunti zenye vijisehemu hivyo zikafika 34. Huenda kuna haki ndani yake, maana maskini yuko kila mahali. Lakini mkate ni uleule, tena haukuletwa wote, na wanaoukata wameongezeka.

Na hili ndilo linalopaswa kukukosesha usingizi: kifungu hicho kimewekewa miaka 20 tu tangu Katiba ianze kutumika Agosti 2010. Kitakufa mwaka 2030, isipokuwa Bunge lipige kura kukirefusha. Ndugu yangu wa Garissa, ndugu yangu wa Kwale, je, umewahi kumsikia mheshimiwa yeyote akija msikitini kwako kulizungumza hili? Amekuja kuzungumza juu ya mabati kumi na zulia. Akitaka takbir yako, mwambie alete kwanza hesabu ya zile shilingi 5.

6. DENI NA RIBA

Hapa naingia mahali pazito. Deni la taifa letu limepita shilingi trilioni 10. Kulikuwa na kikomo cha sheria cha trilioni 9 kilichowekwa mwaka 2019. Kilipokaribia kufikiwa, mwaka 2022 kikapandishwa kuwa trilioni 10. Kilipokaribia tena, mwaka 2023 ikaondolewa tarakimu na kuwekwa kipimo cha asilimia 55 ya uchumi. Mlevi akiona mstari wa kikombe unamzuia, hubadilisha kikombe.

Na Katiba inasema deni la umma hulipwa moja kwa moja kutoka mfuko mkuu wa serikali. Maana yake ni kwamba anayedai anashika foleni mbele ya mgonjwa wa hospitali ya Makadara na mbele ya mtoto wa shule ya Mandera. Riba kwanza, kisha ndiyo dawa. Tumesoma katika Qur'ani jinsi Allah (S.W.T.) alivyowatangazia vita wala riba. Wengine tumeisoma kama habari ya jirani anayekopesha mtaani. Itazame sasa katika kiwango cha nchi: baraka ya jasho la watu inaondolewa kabla hawajaiona.

Umar (R.A.) alipofunguliwa ardhi ya Iraq, baadhi ya Maswahaba walitaka igawanywe kwa waliopigana. Akakataa. Hoja yake: nikiigawa yote leo, watapata nini watakaokuja baadaye? Akatoa dalili katika Surat al-Hashr, inapotajwa kwamba mali isizunguke baina ya matajiri tu, na wakatajwa wale watakaokuja baada yao. Wakabishana, wakashauriana, wakakubaliana naye. Huyo ni kiongozi aliyeona ni amana kumwachia mali mtoto ambaye bado hajazaliwa. Sisi mtoto ambaye hajazaliwa twamwachia deni. Na hata Katiba ya Kenya, kifungu kilekile cha 201, inasema mizigo na faida za kukopa zigawanywe kwa uadilifu baina ya kizazi cha sasa na vijavyo. Jambo limeandikwa. Wa kulidai ndiye aliyekosekana.

7. MAJIBU KWA WANAOPINGA

Atasema mmoja: bajeti yenyewe ina riba, ina kodi ya pombe, tutaingiaje? Nitamjibu: wewe umeshaingia, kwa sababu unalipa kila unaponunua sukari. Kujitenga kwako hakukupunguza riba hata shilingi moja. Kumekuondolea sauti tu. Na Nabii Yusuf (A.S.) alisimamia hazina katika nchi ambayo mfalme wake na watu wake hawakuwa katika dini yake, akawaokoa watu na njaa.

Atasema wa pili: wataiba tu hata tukienda. Ndugu yangu, mwizi hupenda nyumba isiyo na mlinzi. Yuko Mdhibiti wa Bajeti, ambaye bila idhini yake fedha hazitoki, na kila robo mwaka hutoa ripoti ya kila kaunti: ilipata ngapi, ilitumia ngapi kwa mishahara na safari, ngapi kwa maendeleo. Sheria inataka angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti iende kwa maendeleo. Yuko Mkaguzi Mkuu wa Hesabu. Ripoti zao zi wazi mitandaoni, na simu uliyoshika sasa hivi inaweza kuzifungua. Twapata muda wa kutazama video za masheikh wakirushiana maneno, twakosa nusu saa ya kusoma kurasa za kaunti yetu?

Atasema wa tatu: sisi si wasomi. Mama muuza mahamri hajaenda chuo kikuu, lakini akipewa daftari la mkopo wa kikundi ataliona kosa kabla ya karani. Msikiti una walimu, wahasibu, wauguzi, wanafunzi wa vyuo. Wanaswali safu ya tatu na hakuna aliyewauliza chochote.

8. TUFANYE NINI

Kwanza, kila msikiti uteue watu watatu, mmoja wao awe mwanamke na mmoja awe kijana, kazi yao iwe bajeti. Wazijue tarehe nilizozitaja. Imamu azitangaze baada ya Ijumaa kama anavyotangaza mwandamo wa mwezi.

Pili, wasisome bajeti yote. Watafute wadi yao tu, na waulize maswali matatu: mwaka jana kiliandikwa nini, kimefanywa nini, mwaka huu kimeandikwa nini? Kilichoandikwa mara mbili na hakijafanywa hata mara moja, hapo pana moshi.

Tatu, wakienda kwenye kikao cha umma wapeleke maoni kwa maandishi, na wabaki na nakala yenye muhuri. Maneno ya mdomo hupeperuka. Al-Baqara 282 ilitufundisha hivyo kabla ya Katiba yoyote.

Nne, mheshimiwa akija msikitini, akaribishwe kwa adabu kama Muislamu au kama mgeni. Akiwa ametoa sadaka ya mfukoni mwake, Allah amlipe. Akiwa ametaja mradi wa serikali, asimame imamu aulize kwa upole: ni wa bajeti ya mwaka gani, na ulipangiwa kiasi gani? Basi. Hakuna matusi, hakuna ghasia. Swali moja tu mbele ya mimbari.

Tano, na hili litatuuma: tuanze nyumbani. Hesabu za msikiti wako zilisomwa lini mara ya mwisho? Kodi za nyumba za wakfu zinaingia wapi? Kamati inayokasirika ikiulizwa kuhusu kikapu cha sadaka, itamwambia nini gavana? Nyumba ya Allah ndiyo ingepaswa kuwa mfano wa hesabu safi, ubandikwe ukutani ukurasa mmoja kila mwezi: kimeingia hiki, kimetoka hiki, kimebaki hiki. Msikiti unaofanya hivyo unaweza kudai hivyo kwa yeyote.

Ndugu zangu, babu zetu walilipa kodi ya nyumba wakiwa nje ya chumba, mlango umefungwa, na walinzi wamesimama. Udhuru wao mbele ya Allah u wazi. Sisi mlango umefunguliwa tangu mwaka 2010, na kiti kimewekwa, na tarehe zimetajwa. Tutasema tulizuiwa na nani?

Ewe Mola wetu, tujaalie viongozi wahifadhi na wajuzi. Tukinge na riba, na khiyana, na unyonge wa kushukuru kwa haki yetu wenyewe. Wape wana wetu watakaokuja nchi isiyokuwa rehani. Amin.

Wabillahi tawfiq. Mwenye swali aulize hapa chini kwa adabu, nitajibu nikijaaliwa. Na ukimpelekea mtu mmoja tu darsa hii, mpelekee katibu wa msikiti wako.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.